Kinga ya mizigo Masisi na Walikale: mpira unahitaji upepo kiasi gani?

Kuna siku gari haipiti kati ya Masisi na Walikale. Poto-poto imemeza njia, miti ya daraja imeoza, ao usalama umeharibika na wenye magari wanabaki Sake ao Goma wakingoja habari. Siku hizo mchele, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni na dawa vinasafiri kwa mgongo wa watu, kwa pikipiki na kwa kinga, ile ambayo vitabu vinaita baiskeli. Tena mara nyingi kinga hiyo haipandwi. Inasukumwa, imefungwa bido pande zote, mwenyewe anatembea pembeni akishika fimbo iliyofungwa kwenye usukani.

Kinachokatiza safari ya namna hiyo, mara nyingi si nguvu za mtu. Ni mpira. Ukipasuka katikati ya msitu, kwado wa karibu anaweza kuwa nusu siku mbele. Mzigo hauwezi kuachwa, na kulala nao njiani kila mtu anajua maana yake. Kwa hiyo swali la upepo kiasi gani uingie kwenye mpira ni swali la kufika ao kutofika. Lakini wengi wanalijibu kwa kidole gumba: kinabonyeza mara moja, "iko nguvu kama jiwe", basi, safari.

Kidole gumba kinadanganya. Kinaweza kutofautisha mpira mtupu na mpira wenye upepo, hapo hakuna shida. Lakini upepo ukishapita bar 3, vidole vingi vinasikia jiwe tu, iwe ni bar 3 ao bar 5. Na mpira wa nje ulio mnene, ao uliopachikwa kipande cha mpira mwingine kwa ndani, unaonekana mgumu hata ukiwa haujashiba.

Upepo unafanya kazi gani

Mtu anayetaka kuelewa atazame tshukudu. Gurudumu lake ni mti, limezungushiwa kipande cha mpira wa gari, na hakuna upepo ndani. Halitoboki kamwe, na ndiyo sababu tshukudu inashuka kutoka vilimani na mamia ya kilo juu yake bila kuogopa msumari. Lakini kila jiwe linalokutana na gurudumu la mti, sharti tshukudu nzima ipande juu yake pamoja na mzigo. Kinga haifanyi hivyo. Jiwe linaingia kidogo ndani ya mpira, upepo unajikunja, gurudumu linapita, na mzigo haukuinuka sana. Upepo ndio unaomeza jiwe.

John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alipata hati ya ubunifu wa mpira wa upepo mwaka 1888, baada ya kuujaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. (Wakongo walilipa bei ya raha hiyo. Baiskeli zilipoenea Ulaya na Marekani, hitaji la mpira likapanda, na serikali ya Leopold II, iliyotawala kati ya 1885 na 1908, ikalazimisha vijiji kuingia msituni kukamua mitambaa ya mpira.)

Sasa, mpira uliojazwa kupita kiasi haumezi jiwe tena. Kinga inageuka kuwa tshukudu: inaruka, kamba za mzigo zinalegea, waya za gurudumu zinakatika moja moja, na jiwe lenye ncha, kama yale mawe ya volkano ya upande wa Sake na Goma, linakata mpira badala ya kuzama ndani yake. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mpira mgumu unagusa chini kwa sehemu ndogo sana na unateleza.

Na mpira wenye upepo kidogo unameza jiwe mpaka mwisho. Jiwe linafika kwenye janti, na mpira wa ndani unabanwa katikati ya chuma na jiwe. Matokeo yake ni matundu mawili yaliyo karibu karibu, kama alama ya meno ya nyoka.

Hesabu ya kilo na bar

Upepo unapimwa kwa bar, ao kwa PSI, ao kwa kPa. Bar 1 ni sawa na PSI 14 na nusu, ao kPa 100. Kwenye ubavu wa mpira wa nje kumeandikwa kipimo cha mwisho, kama mawe hayajakifuta. Kipimo hicho ni mpaka wa juu wa mpira wenyewe. Hakisemi ni upepo gani unaofaa kwa mzigo wa leo.

Kwa mtu anayetaka kufikiri mwenyewe, kuna kanuni moja nyepesi: bar 1 inabeba karibu kilo 1 kwa kila sentimita moja ya mraba ya mpira inayogusa chini. Gurudumu lililobeba kilo 45 likiwa na bar 3 litagusa udongo kwa sentimita za mraba kama 15. Kama mpira unagusa kwa upana wa sentimita 3, basi sehemu iliyokaa chini ina urefu wa sentimita 5. Ni sawa kabisa. Lakini likiongezwa mzigo mpaka kilo 90, upepo ukibaki ule ule, linahitaji sentimita za mraba 30: sehemu iliyolala inafika urefu wa sentimita 10. Mpira unapigwa kama unga wa mandazi, na janti iko karibu na mawe.

Ili mpira huo urudi kusimama kama mwanzo, kungehitajika karibu bar 6. Hapo ndipo shida yenyewe. Kinga ndefu za kazi zinazojulikana kwetu, zile za magurudumu ya 28, zina mpira wenye upana wa milimita 40 hivi, na mara nyingi mwisho wake ni bar 3 mpaka 4 na kidogo. Ukilazimisha 6, mpira wa nje unaweza kuruka nje ya janti, na mpira wa ndani unalipuka kama bunduki. Katika eneo hili, mlio huo unatosha kutawanya soko zima.

Basi upepo peke yake hauwezi kubeba kila mzigo. Na jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi: kabla ya kuongeza upepo, mzigo usogezwe.

Chukua bido tano za mafuta ya mawese, za lita 20 kila moja. Mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo ni kilo 18 kwa bido, jumla 90, na bido zenyewe zinaongeza kilo chache. Kinga yenyewe ina kilo kama 20. Jumla inakaribia 115. Zikirundikwa zote kwenye kibebeo cha nyuma, gurudumu la nyuma linabeba kilo 85 ao zaidi, na la mbele 30 tu. La nyuma lingetaka zaidi ya bar 5, ambazo mpira hauna. Lakini kinga inayosukumwa haina mtu juu yake. Hakuna miguu inayohitaji nafasi ya kukanyaga. Bido mbili zinaweza kuningʼinia chini, kila upande wa fremu, nyingine ikasogezwa mbele. Mzigo ukigawanyika nusu kwa nusu, kila gurudumu linabeba kilo 57 hivi, na bar 3 na nusu zinatosha mbele na nyuma. Mpira ule ule, mafuta yale yale. Wasukumaji wazoefu wanafanya hivi bila hesabu yoyote. Wanaoumia ni wale wanaoanza, wanaofunga mzigo wa kusukuma kama vile wanafunga mzigo wa kupanda.

Mtu anayepanda kinga bila mzigo mkubwa ana hesabu tofauti. Uzito wake unakaa zaidi nyuma. Mwenye kilo 65 kwenye kinga ya kilo 20 anaweka karibu 50 nyuma na 35 mbele. Kwa mpira wa milimita 40, bar 3 nyuma zinamfaa, na mbele 2 ao 2 na nusu. Kujaza mbele sawa na nyuma ni desturi ya wengi, na mikono yao inalipa.

Wenye kinga za milima, zile za magurudumu ya 26 zenye mpira mnene wa milimita 50 na zaidi, wana bahati. Mpira mpana unabeba kilo 90 kwa bar 3 na nusu hivi, na mpira mwingi wa aina hiyo unavumilia kipimo hicho. Kwa njia za Walikale, mtu mwenye franga za kununua mpira mpya afikirie upana kwanza, kama fremu yake inauruhusu kupita.

Kijiti na kalamu ya kreyo

Haya yote yanadai manometa, na manometa hakuna. Tena kinga nyingi za kazi zina valvu ya zamani, ile yenye kampira kadogo kanakofunika tundu. Valvu hiyo haikubali kupimwa vizuri. Kampira kanataka kusukumwa kwa nguvu kabla ya kufunguka, kwa hiyo saa ya kwenye pompi inaonyesha zaidi ya kile kilicho ndani.

Iko njia nyingine, na inahitaji kijiti tu. Frank Berto, mhandisi Mmarekani aliyeandika kwa miaka mingi juu ya ufundi wa baiskeli, alipendekeza mpira ukibebeshwa mzigo ushuke kama asilimia 15 ya kimo chake. Kwa mpira wa milimita 40, ni milimita 6. Kwa maneno ya nyumbani, ni karibu unene wa kalamu ya kreyo ya mtoto wa shule.

Kinga isimamishwe kwenye ardhi ngumu, bila mzigo, upepo umekwisha kutiwa. Kijiti kinasimamishwa kando ya gurudumu la nyuma, pale linapogusa chini, na alama inakatwa kwa kisu kwenye kimo cha ukingo wa janti. Kisha mzigo wote unafungwa. Kijiti kinarudishwa pale pale. Janti imeshuka chini ya alama: kama imeshuka unene wa kreyo, upepo ni wa kutosha. Kama haikushuka hata kidogo, upepo umezidi. Kama imeshuka unene wa kidole kidogo, kuna mawili: kuongeza upepo kama mpaka wa mpira haujafikiwa, ao kupunguza na kusogeza mzigo. Halafu gurudumu la mbele nalo linapimwa vile vile. Kazi yote haichukui dakika tano, na siku ya pili inakuwa fupi zaidi kwa sababu kijiti tayari kina alama.

Kuhesabu mipigo ya pompi nako kunasaidia. Mpira wa 28 una nafasi ya lita 2 na nusu hivi ndani yake. Kupata bar 3, sharti iingizwe hewa ya lita 7 na nusu juu ya ile iliyokuwamo. Pompi ya kusimama inayosukuma theluthi moja ya lita kwa mpigo ingefanya hivyo kwa mipigo 23 kama tungekuwa pwani ya bahari. Walikale-centre, chini ya mita 1000, inakuwa karibu 24. Kwenye vilima vya Masisi vinavyopita mita 2000, hewa ni nyepesi, na inakuwa 28. Pompi si mbovu wala mtu hakuchoka. Kila mpigo unabeba hewa kidogo zaidi kule chini. Bila shaka ngozi ya ndani ya pompi ikikauka, hesabu yote inaharibika. Tone la mafuta linairudisha.

Je, mpira uliojazwa Masisi utapasuka ukishuka kwenye joto la Walikale? Wengi wanaamini hivyo. Kushuka mita 1300 kunapunguza kipimo kwa kama bar 0.13, kwa sababu hewa ya nje inabana zaidi. Joto likiongezeka digrii 9 ao 10, linaongeza karibu kiasi kile kile. Moja linafuta lingine. Jua ni jambo tofauti. Kinga iliyolazwa juani saa sita, mpira ukipanda kutoka digrii 20 mpaka 50, inaongeza bar 0.4. Mpira mzima hausikii kitu, lakini ule ulioshonwa ubavuni, ao wenye kiraka kilichobandikwa asubuhi, unaweza kuachia. Kivuli hakina bei.

Kumbe hatari kubwa zaidi iko kwenye kompresa ya kwado wa magari na pikipiki. Ile mashine imezoea mipira mikubwa. Lita 2 na nusu za kinga zinajaa kwa sekunde chache, na mtu anayeshika bomba akiongea na mwenzake amekwisha kupita bar 5. Kwa kinga, pompi ya mkono ni bora, ao kompresa ifunguliwe kidogo kidogo, na kijiti kiwe karibu.

Mpira uliotoboka unasema nini

Fundi akifungua mpira wa ndani, asibandike tu kiraka na kurudisha. Tundu lenyewe linaeleza. Matundu mawili sambamba: upepo ulikuwa kidogo kwa mzigo ule, na kiraka bila kuongeza upepo kitarudisha kinga hapo hapo kesho. Tundu moja upande wa nje: mwiba, msumari ao jiwe. Kidole kipitishwe polepole ndani ya mpira wa nje, maana mwiba mara nyingi bado umo. Tundu upande wa ndani, unaotazama janti: ncha ya waya ya gurudumu imechomoza, na utepe wa kufunika janti umechakaa. Upepo hauna kosa hapo.

Valvu iliyolala upande, haisimami wima tena, ni onyo la mapema. Mpira wenye upepo kidogo unateleza taratibu kuzunguka janti kila mara breki inaposhikwa, na unavuta valvu pamoja nao mpaka shina linachanika. Chaniko la shina la valvu halibandikiki. Mpira wa nje nao una maandishi yake: ukilika katikati tu, umekuwa mgumu mno kwa muda mrefu, ukilika pembeni mbili, ama wenye nyufa za kuzunguka ubavuni, umetembea laini.

Kwenye poto-poto watu hugawanyika. Wengine wanasema upepo utolewe ili mpira ushike, wengine wanasema kamwe. Wote wana haki kwa sehemu. Gurudumu la mbele lenye mzigo mdogo linaweza kupunguzwa mpaka bar 2, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu linashika vizuri zaidi. La nyuma lililobeba bido lisiguswe, kwa sababu chini ya poto-poto kuna mawe na mizizi isiyoonekana.

Kinga inapobeba mgonjwa

Kinga hizi hazibebi mafuta tu. Mama mwenye uchungu, mtoto mwenye malaria kali, mtu aliyevunjika mguu: pale ambapo ambilansi haifiki, anakalishwa kwenye kibebeo cha nyuma, mmoja anasukuma, mwingine anamshikilia. Na mara nyingi kinga inayopatikana haraka ni ile iliyofika jana na mzigo, mpira wake ukiwa umejazwa mpaka mwisho.

Mgonjwa wa kilo 55 anaweka kwenye gurudumu la nyuma kilo 60 ao 65 pamoja na sehemu ya kinga. Hizo zinahitaji bar 3 na nusu hivi kwa mpira wa 28. Gurudumu la mbele halina karibu kitu, bar 1 na nusu zinatosha, na hapo ndipo mtikisiko mwingi unapoweza kupunguzwa. Kabla hajapanda, upepo utolewe mbele mpaka kidole kizame kidogo. Nyuma, utolewe polepole akiwa amekwisha kukaa, kijiti kikiwa kando ya janti, mpaka ishuke unene wa kreyo. Asiyetaka kupoteza upepo kwa sababu kesho atabeba bido tena akumbuke kwamba kuurudisha ni mipigo michache ya pompi. Pompi yenyewe ifungwe kwenye fremu, pamoja na kampira kamoja ka valvu cha akiba mfukoni, maana njia ya kwenda hospitali ndiyo ile ile ya kurudi.